Pumzi ya Utani

1

Makosa yalikuwa mia mbili na kumi na manne. Lutgarda Kiwele aliyatazama yakijipanga kwenye kioo cha kompyuta, akavuta kiti, akamenya ndizi. Hakuwa mtu wa kutishwa na wingi. Miaka tisa katika Karakana ya Makoo, pale Kihesa mjini Iringa, ilikuwa imemfundisha kwamba kompaila ni kama mtu mwenye kisirani: akiudhiwa na jambo moja asubuhi, atalalamikia mia kabla ya adhuhuri. Mtulize kwa lile la kwanza, na mengine mengi yatajifia yenyewe.

Juu ya meza, ndani ya kisahani cha bati, lilikuwepo koo la Bibi Egidia Ngonyani. Lilikuwa dogo, halizidi punje ya kitunguu saumu, na chipu iliyokuwa ndani yake ilikuwa imekufa Jumanne wakati Bibi anaagiza mchele dukani. Neno la mwisho kumtoka lilikuwa "kilo". Kampuni iliyotengeneza makoo hayo ilikufa zamani kuliko chipu zake, lakini kabla ya kufunga milango iliiacha programu wazi kwa kila mtu, aichukue, aisome, aitengeneze. Tangu hapo watu elfu kumi na mbili wenye sauti za kupandikizwa walikuwa mikononi mwa karakana ndogondogo kama hii. Chipu moja ikifa, mtu mmoja ananyamaza, na mtu kama Lutgarda, ambaye wote walimwita Luti, anakaa kitako kuihamishia sauti yake kwenye chipu mpya.

Kuhamisha ni kazi ya kompaila. Programu imeandikwa kwa lugha ambayo mtu anaweza kuisoma. Kompaila huitafsiri iwe lugha ya chipu, na kila aina ya chipu ina lugha yake. Ni sawa na kuhamia nyumba nyingine. Vyombo ni vile vile, ila misumari ya kuvitundikia haiko pale ulipoizoea.

Mwenye koo alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na dirisha, shuka la mgolole mabegani kwa ajili ya baridi, daftari la shule magotini. Bibi Egidia alikuwa na miaka sabini na minane. Kiharusi kilichomnyang'anya sauti miaka kumi na miwili nyuma kilikuwa kimelegeza pia upande wa kushoto wa uso wake, kwa hiyo akicheka, nusu moja ilicheka na nusu nyingine ikabaki kama inasikiliza.

"Kamwene, Bibi," Luti alisema. "Nimeanza. Usiwe na wasiwasi."

Bibi aliandika kwa penseli, akaligeuza daftari. *Jumamosi saa nne wanamzika Laurenti. Nikifika bila sauti, bora nisifike.*

Luti alilielewa hilo bila kufafanuliwa. Bibi Egidia ni Mngoni, na marehemu Laurenti Mgongolwa, mwalimu wa kwaya wa Tosamaganga, alikuwa Mhehe. Mababu zao walipigana vita hadi wakachoka, na wajukuu wakarithi utani. Mtani ana ruhusa ambayo ndugu hana. Msibani anaweza kulala njiani kuzuia jeneza, akavaa viatu vya marehemu, akamwiga alivyokuwa akikoroma, na wafiwa watacheka huku machozi hayajakauka, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Luti alipokuwa na miaka minane, kwenye msiba wa babu yake, alimwona Bibi Egidia akikalia jeneza, akidai jogoo mwekundu, akisema hataondoka, maana marehemu alikuwa mbishi na lazima ahakikishwe kwamba amekufa kweli. Siku hiyo mtoto yule alijua kwamba msiba una mlango wa kutokea.

Lakini hayo yalikuwa ya kale. Tangu augue, Bibi alikuwa amepoa. Alifika misibani, akatoa pole zilizosikika vizuri, kisha midomo ikaendelea kucheza na sauti ikafifia mpaka ikawa mnong'ono usioshikika. Watu walitikisa vichwa wakasema, "Ndiyo, Bibi." Mtu mzima haambiwi kwamba anameza maneno. Luti mwenyewe alikuwa ametikisa kichwa mara nyingi sana.

2

Kosa la kwanza lilihusu namba. Chipu ya zamani ilitunza kila namba kwenye kisanduku cha nafasi thelathini na mbili. Mpya ina visanduku vya nafasi sitini na nne, na programu ilikuwa imepimia kila kitu kwa kile kidogo. Luti alirekebisha mstari mmoja. Makosa yakashuka kutoka mia mbili na kumi na manne hadi sitini na moja, naye akajipongeza kwa kipande cha ndizi.

Sitini kati ya hayo yalitokana na maktaba moja ya programu, ile ya kuondoa mwangwi, ambayo kompaila iliapa haijawahi kuisikia. Luti alitafuta kwenye kumbukumbu za wachangiaji, akamkuta mtu mmoja wa Kisangani aliyeandika miaka mitatu nyuma: "Tuliibadilisha jina, mtusamehe wapenzi. Fanyeni hivi." Chini yake ameeleza hatua zote, moja baada ya nyingine, bila kuombwa na mtu. Luti hakumjua kwa sura wala kwa jina kamili, ila aliwahi kuokolewa naye mara nne, na kila mara alimtakia maisha marefu. Akafuata hatua. Ijumaa asubuhi likabaki kosa moja.

*Mstari wa 3806: amri hii haijulikani kwa chipu hii.*

Aliufungua mstari huo. Programu yote ilikuwa katika lugha ya watu, lakini hapa katikati kulikuwa na mistari arobaini iliyoandikwa moja kwa moja kwa lugha ya chipu ya zamani, amri fupi fupi zisizotafsirika. Fundi hufanya hivyo pale tu anapotaka kasi isiyo ya kawaida. Kuna kitu hapa kilitakiwa kutendeka haraka sana, kabla sauti haijatoka mdomoni.

Aliutambua mkono. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa akiacha nafasi mbili kabla ya kila alama ya mkato: Mzee Otmar Kihwele, mwanzilishi wa karakana, aliyemfundisha Luti kazi hii tangu akiwa hajui kuwasha pasi ya kulehemu. Marehemu Mzee Otmar, mume wa Bibi Egidia. Naye alikuwa Mhehe. Alimwoa mtani wake, na mji mzima uliamini kwamba nyumba ile haikuhitaji redio.

Luti alitwaa kalamu, akaanza kuitafsiri amri moja moja kwenye karatasi. Ilimchukua saa nzima. Alipomaliza aliirudia toka mwanzo, akitumaini kwamba amekosea.

Koo la Bibi lina njia mbili. Njia moja hupeleka sauti nje, watu waisikie. Nyingine huipeleka kwenye mfupa wa taya, naye mwenyewe anajisikia kwa huo. Mistari arobaini ile ilikuwa inasikiliza pumzi. Bibi Egidia, kabla ya kutania, huvuta hewa puani mara mbili, fupi fupi, jambo dogo ambalo hata yeye pengine hakulijua. Mumewe alilijua. Pumzi hizo mbili zikija, programu inapunguza sauti ya nje mpaka inakuwa mnong'ono, na ile ya mfupani inaiacha kama ilivyo. Sharti moja tu liliizuia: kama sauti nyingine pekee inayosikika karibu ni ya Otmar, isifanye kitu.

Kwa miaka kumi na mmoja Bibi alikuwa akitania kwa sauti kamili masikioni mwake, na watu hawakusikia chochote. Aliwaona wakitikisa vichwa. Aliona hawacheki. Nyumbani akitania, Otmar anacheka mpaka anakohoa. Angejuaje?

Juu ya mistari ile palikuwa na maoni, maneno ambayo fundi huwaandikia mafundi wenzake na ambayo kompaila huyaruka. La kwanza lilikuwa la mwaka ule alipopata koo. *Msiba wa Ipogolo. Alitania, sauti ikatoka bapa kama ya kusoma taarifa ya habari, na uso haukuweza kucheka. Walidhani anatukana kweli. Mtoto wa marehemu aliondoka analia. Yeye alilia njia nzima. Sitaki alie tena. Nitaitoa akizoea.* La pili lilikuja miaka sita baadaye. *Toleo jipya la sauti lina mkunjo wa kicheko. Sasa inaweza kutolewa. Nitamwambiaje?* La tatu lilikuwa na tarehe ya miezi miwili kabla ya kifo chake, na lilikuwa na maneno mawili. *Kesho nitamwambia.*

Luti aliinua macho ukutani. Pale juu ya rafu, kwa mwandiko wa Mzee Otmar, ilikuwa kanuni ya karakana: *Ulichokikuta, kihamishe kama kilivyo. Unachotaka kukibadili, muulize mwenye koo.* Kweli mganga hajigangi. Alimpenda sana mzee yule, na kwa mara ya kwanza alitamani kumfokea.

3

"Futa," Mbwambo alisema.

Eliawoni Mbwambo ndiye aliyekuwa msimamizi wa karakana tangu Mzee afariki, Mpare mpole mwenye miwani ya kufungia kamba. Alikuwa ameisoma karatasi ya Luti mara mbili, akiwa amesimama mlangoni ili Bibi aliyekuwa nje akiota jua asisikie.

"Futa mistari arobaini, programu inapita, Bibi anasikika. Nani ataumia?"

"Akiuliza kwa nini leo watu wanacheka?"

"Utamwambia chipu mpya ni nzuri. Na ni nzuri kweli."

"Hiyo ni kubadili bila kumuuliza."

"Basi ihamishe kama ilivyo. Unaweza, saa mbili tu unaimaliza. Kanuni imetimia."

"Nikamzibe mdomo kwa mkono wangu? Na kesho ni Laurenti?"

Mbwambo alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Dada Luti, yule mama amebakiwa na nini? Ana picha ya mumewe ukutani na anaisalimia kila asubuhi. Mimi nimemsikia. Ukimwambia hili, kesho anaamka ataisalimiaje?"

Hilo ndilo swali lililokuwa linamsumbua Luti mwenyewe. Kulikuwa na jingine tena ambalo hakumwambia Mbwambo. Krismasi iliyopita, nje ya kanisa, Mwalimu Laurenti alimshika mkono akamuuliza kwa sauti ya chini, "Hivi Egidia nilimkosea nini? Miaka hamsini tunataniana. Siku hizi akiniona ananisalimia tu kama mgeni, halafu ananung'unika." Luti alimjibu kwamba ni uzee. Alilisema kwa urahisi, akaendelea na safari yake, na Laurenti akafa nalo.

Angefuta kimyakimya, Bibi angeishi na furaha aliyopewa kama mtoto anavyopewa dawa ndani ya uji. Mzee Otmar alikuwa ameshafanya hivyo hivyo, kwa nia njema hiyo hiyo.

"Nitamwambia," alisema.

"Mimi niko hapa ndani," Mbwambo alisema. "Nitachemsha chai."

4

Luti aliketi kando yake juani, akamweleza yote bila kuyazungusha, kwa mpangilio ule ule ambao yeye aliyagundua: mstari usiotafsirika, pumzi mbili, njia mbili za sauti. Bibi alisikiliza huku akitazama kuku wa jirani wakiparura. Mara moja tu penseli ilisogea.

*Laurenti?*

"Hakusikia, Bibi. Aliniuliza amekukosea nini. Nikamwambia ni uzee. Naomba unisamehe."

Bibi Egidia aligeuza uso. Alilia kwa muda mrefu, na lilikuwa jambo gumu kulitazama, maana hata sauti ya kulilia hakuwa nayo. Mabega tu yalikuwa yakipanda na kushuka chini ya mgolole. Luti alimshika mkono na hakusema pole, kwa kuwa aliona neno hilo limeshatumika vibaya vya kutosha kwa mama huyu.

Alipotulia alionyesha kwa kidole kuelekea ndani. Luti akamwongoza hadi kwenye kompyuta, akamkuzia maandishi. Bibi alivaa miwani yake, akayasoma maoni ya mumewe, moja, la pili, la tatu. Kwenye lile la tatu alikaa sana. Kisha akaandika neno moja, akalikandamizia penseli mpaka ikatoboa karatasi.

*Mwizi.*

Na chini yake, baada ya muda: *Amewanyima watu wote, akajilia peke yake.*

Nusu ya uso wake ilikuwa na hasira. Ile nusu iliyoweza kucheka ilikuwa imeanza kucheka kidogo.

"Bibi, kanuni inasema nikuulize," Luti alisema. "Naweza kuihamisha kama ilivyo. Naweza kuifuta. Naweza kukuwekea kitufe, uwe unaiwasha na kuizima mwenyewe."

Bibi alifikiri. Mbwambo alileta chai, akaiweka, akarudi nyuma kwa kunyata kama mtu aliyeingia kanisani kachelewa. Penseli ikaanza.

*Ile siku ya Ipogolo walinyamaza kweli. Otmar hakudanganya. Kesho wanaweza kunyamaza tena.*

"Wanaweza, Bibi."

*Nani alimwambia siwezi kunyamaziwa? Mtani hunyamaziwa, akajaribu tena. Futa. Maneno yake yaache.*

"Maoni hayafiki kwenye koo. Kompaila huyaruka. Yatabaki kwenye faili tu."

*Ndipo ninapoyataka. Atakayefungua humo kesho na keshokutwa amwone mume wangu alivyokuwa mwoga.*

Luti alifuta mistari arobaini. Hakuiondoa bila uchungu. Pumzi zile mbili, jinsi zilivyopimwa, hakuna fundi ambaye angeweza kuzipima hivyo bila kulala kando ya mtu miaka arobaini. Akabonyeza. Kompaila ikasaga, ikasaga, ikaleta jibu: *Makosa: hakuna. Maonyo: mawili.* Maonyo aliyapuuza kwa roho safi, kama mafundi wote duniani.

Saa tisa mchana chipu mpya ilikuwa kooni. Bibi alikohoa. Akavuta hewa puani, mara mbili, fupi fupi, na Luti akageuka haraka, kwa kuwa alikuwa ameisikia pumzi hiyo maisha yake yote ya utu uzima na hakuwahi kujua inatangulia nini.

"Mhehe wewe," Bibi Egidia alisema, kwa sauti iliyojaa chumba. "Siku mbili kwa kazi ya asubuhi moja. Ulikuwa unafukuza mbwa wa kitoweo, kama Wahehe wenzako?"

Mbwambo alimwaga chai. Luti alicheka mpaka akaketi chini, kisha akagundua kwamba analia, na hakujali.

"Na Otmar?" aliuliza baadaye, akimfungia mgolole.

"Otmar nitamfuata kaburini kwake Jumapili, baada ya misa. Utani wa kwake unaweza kungoja. Alizoea kuningoja."

5

Tosamaganga palikuwa na watu wengi Jumamosi, kwaya nne na wanafunzi wa Laurenti wa miaka arobaini. Jeneza lilikuwa limewekwa uwanjani, na juu yake kofia yake ya pama ya kahawia aliyokuwa akiivua kwa kila mwanamke. Bibi Egidia alikatiza katikati ya uwanja kwa mkongojo wake, polepole. Watu wakampisha kwa heshima, ile heshima nzito ya miaka kumi na mmoja. Luti alikuwa nyuma yake hatua tatu.

Bibi aliichukua kofia, akaivaa. Akavuta hewa.

"Laurenti," alisema, na sauti ikafika hadi kwenye miti ya uzio. "Umelala chali mbele za watu, na ulivyokuwa mvivu nilijua siku hii itakuja. Amka uimbishe, kwaya yako inaimba kama mbuzi waliofungiwa."

Hakuna aliyecheka. Kwaya nzima ilimtazama. Mtu mmoja aliyetoka mbali aliuliza jirani yake kitu kwa mnong'ono. Ukimya ulitanda, mkubwa kuliko Luti alivyouhofia, naye akaona kwamba Mzee Otmar, pamoja na makosa yake yote, alikuwa ameogopa kitu cha kweli.

Bibi hakurudi nyuma. Alisimama pale na kofia ya marehemu imemzidi, akangoja.

Mjane, Mama Sesilia, aliinua kichwa kutoka kwenye mkeka. Macho yalikuwa yamevimba. Alimtazama Bibi Egidia kwa muda mrefu, kama anayemtambua mtu stendi baada ya miaka.

"We Mngoni," alisema kwa sauti iliyokauka. "Ulikuwa wapi siku zote hizo? Marehemu alikungoja. Sisi tulidhani umekimbia, kama kawaida yenu."

Kicheko kilianzia kwa wazee, kikapita kwenye kwaya, kikawafikia hata wale wasiojua kinachochekwa. Mama Sesilia mwenyewe alicheka, akajifuta uso kwa pindo la kanga, akacheka tena.

"Sikukimbia," Bibi Egidia alisema. "Nilikuwa hapa hapa, nikimtukana kila nilipomwona, na hakusikia hata moja. Mengine msiniulize, nitawaeleza kesho. Leo sogezeni mikeka. Ninazo dhihaka zote kichwani na nitazirudia moja moja, tangu ile ya harusi ya mwanawe, na hatuziki mtu hapa mpaka azisikie."

Akalikalia jeneza, akaiweka kofia sawa. Padri alitazama saa yake mara mbili, kisha akatafuta kiti.